Kamera Haimjui Bibi Harusi

Anayejifunza kupiga picha Kitale au Bungoma siku hizi hakosi mwalimu. YouTube imejaa masomo ya bure, na mengi yake ni mazuri kweli. Kasoro yake haisemwi: yamerekodiwa chini ya jua jingine, na nyuso zinazoonyeshwa humo ni za ngozi nyingine. Mwalimu aliye Uingereza au Kanada akikuambia usubiri mwanga wa dhahabu wa jioni, yeye katika majira yao ya joto ana nafasi ya kubadilisha lenzi, kumpanga upya mtu wake na hata kunywa chai kabla jua halijazama. Wewe huna nafasi hiyo. Kitale iko takriban digrii moja kaskazini mwa ikweta, Bungoma nusu yake, na huku jua hushuka wima likatumbukia. Mwanafunzi asiyelijua hilo huishia kuilaumu kamera, kisha hukopa chamani anunue nyingine.

Ushauri wangu wote hapa unatoka kwenye chanzo kimoja: ujue mwanga wa kwenu na sura za watu wa kwenu kabla hujashika programu yoyote ya kuhariri.

Tuanze na saa. Saa za Kenya hufuata mstari wa longitudo unaopita mashariki zaidi hata ya Mombasa, kwa hiyo jua la magharibi mwa nchi huchelewa. Bungoma hulipata, kwa wastani, dakika ishirini hivi baada ya Mombasa. Kitale jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kutegemea mwezi, na huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Jua la utosi lenyewe halifiki saa sita, bali karibu saa saba kasoro dakika ishirini. Hii ina maana kwamba mwanga mkali unaochimba mashimo meusi machoni pa watu hukaa hadi saa tisa alasiri, wakati ambapo wengi hudhani makali yameshapungua. Mwanga laini wa jioni unaupata katika saa ya mwisho tu, na ndani ya saa hiyo dakika nzuri hasa ni chache.

Kitale kuna jambo la ziada ambalo simu yako haitakuambia. Mlima Elgon, wenye urefu wa mita 4,321, umesimama magharibi ya mji. Jua hujificha nyuma ya mlima dakika kadhaa kabla ya muda wa machweo ulioandikwa kwenye simu, hasa Machi na Septemba linapozama magharibi kabisa. Bungoma mlima uleule uko kaskazini, kwa hiyo jua la jioni unalo mpaka mwisho. Kwa anayetaka picha za mandhari hesabu ni rahisi: ukiwa Kitale, Elgon hupigwa asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako na mlima umeoshwa mwanga, ilhali milima ya Cherangani, iliyo upande wa mashariki, huisubiri jioni. Ukigeuza ratiba hiyo utapata kivuli cha mlima chini ya anga iliyopauka, na hakuna programu itakayokurudishia kilichokosekana.

Sasa peleka elimu hiyo kwenye harusi, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakopatia riziki. Harusi zetu huchelewa. MC ana maneno mengi, wajomba wana mawaidha, keki haijakatwa. Picha za maharusi wawili peke yao husukumwa hadi mwisho, na mwisho huo ni giza. Usingoje siku yenyewe ndipo ulalamike. Hudhuria angalau kikao kimoja cha kamati ya harusi, uombe ipangwe kwenye ratiba kwamba saa kumi na moja na nusu jioni maharusi wanatoka kwa nusu saa. Ukimweleza mwenyekiti kwa heshima kwamba ni suala la jua wala si la madoido, kwa kawaida hukubali. Kamati hupenda kitu chenye saa. Katika miezi ya mvua, tangu Aprili, Kitale hupenda kunyesha alasiri, basi uwe umeshachagua veranda au ukumbi wa akiba. Wala usiyachukie mawingu. Mawingu yanayokusanyika kabla ya mvua hutandaza mwanga vizuri kuliko mwavuli wowote wa studio, na hayadai kodi.

Ukilazimika kupiga saa saba mchana, tafuta kivuli kilicho wazi upande mmoja: baraza ya nyumba, ukingo wa tenti, ubavu wa ukuta. Chini ya mwembe kuna mitego miwili. Majani hupenyeza vidoa vya jua vinavyokaa usoni kama upele, na nyasi pamoja na majani hurusha ukijani unaojificha chini ya kidevu. Ukiona bibi harusi ana shingo ya kijani kwenye kompyuta, chanzo chake ni ile nyasi nzuri ya bustani uliyoifurahia. Msogeze hadi penye udongo au saruji, au mwombe msimamizi wake ashike shuka nyeupe chini ya kiuno ili iurudishe mwanga juu.

Hapo tunafika kwenye jambo lililonipa kichwa cha makala. Kipimamwanga kilicho ndani ya kamera hakijui mbele yake kuna nani. Kimetengenezwa kikidhani kwamba kila kinachoonekana, kikichanganywa pamoja, kinatoa kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso mweusi wa bibi harusi huzama gizani. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akisimama mbele ya mlango wenye giza, kamera huona giza limezidi, huongeza mwanga, na uso wake hupauka kama aliyepakwa majivu. Wasimamishe wote wawili pamoja na kamera itabahatisha tu. Kwa hiyo usiiachie. Chagua kipimo cha nukta, kielekeze kwenye shavu la mtu, kisha tumia kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa uongeze au upunguze mwanga hadi uso uonekane kama unavyouona kwa macho yako. Halafu angalia histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga: ikiwa mlima wake umejigonga kwenye ukuta wa kulia, gauni limeungua na nakshi zake hazitarudi. Kati ya ukuta huo na uso uliozama ndiko iliko kazi yako.

Ugumu huu una historia. Tangu miaka ya 1950 Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, ili mafundi wasawazishe rangi kwa kuzifuata. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyeifuatilia historia hiyo, anaeleza kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha filamu zake ni yale ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao rangi zao za hudhurungi zilikuwa hazitoki sawa. Kabati lilisikizwa kabla ya mtu. Kamera za dijitali za leo zimeendelea sana, lakini masomo, mifano na mipangilio ya rangi inayouzwa mtandaoni bado mingi imetengenezwa juu ya ngozi ya Shirley.

Ngozi nyeusi haihitaji kuangazwa kutoka mbele kwa nguvu. Huchorwa na mng'ao wake: ule mstari wa mwanga kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye bega. Mweke mtu karibu na dirisha au mlango, mwanga umjie kutoka ubavuni, nawe utaona uso umepata umbo bila flashi. Weka tishu na poda mkobani. Jasho huufanya mng'ao kuwa doa, na kulifuta kwa sekunde tano ni rahisi kuliko kulifuta kwa kipanya usiku kucha.

Kisha kuna tenti. Anayejifunza kwa video za ng'ambo hajawahi kuonywa kuhusu tenti za kukodi zenye vitambaa vya bluu, zambarau au manjano. Jua likipenya humo, wageni wote hugeuka rangi ya kitambaa, na kamera ikiachiwa ichague yenyewe hubadilisha uamuzi kila picha. Ukifika, piga picha karatasi nyeupe ikiwa chini ya tenti hiyo, kisha iambie kamera kwamba ile ndiyo nyeupe. Kila kamera ya kazi ina sehemu ya kufanya hivyo kwenye menyu zake. Ukihamia nje, rudia. Usimpige mtu aliye mpakani, nusu ya uso ikiwa tentini na nusu juani, kwa sababu nusu mbili hizo haziwezi kusawazishwa kwa pamoja.

Makanisa yetu mengi yana paa la mabati lisilo na dari. Mbinu ya kurushia flashi juu ili irudi laini haifanyi kazi humo. Mwanga unapotelea kwenye mbao na mabati. Rusha kwenye ukuta wa pembeni uliopakwa rangi nyeupe, au mwambie msaidizi asimame na ubao mweupe. Taa nazo zina hila yake. Umeme wa Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za mirija na zile za LED za bei nafuu humetameta mara 100 kila sekunde bila macho yako kuona. Ukipiga kwa kasi kubwa utapata mistari ya giza ikikatiza picha, au picha moja ya njano na inayofuata ya buluu. Teremsha kasi ya shata hadi 1/100 au 1/50, na utulize mikono. Mafundi hubishana sana kuhusu aina za kamera na ni nadra kusikia wakizungumzia jambo hili, ingawa ndilo linaloharibu picha nyingi za kanisani.

Kuhusu kamera yenyewe nitasema machache. Mwili wa kamera uliokwisha kutumika si aibu, mradi uulize shata imeshafyatuliwa mara ngapi. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 itakufaa kuliko mwili mpya. Nunua betri ya pili kabla ya begi zuri, na kama huna chochote ila simu, mwanga unaweza kuusoma kwa simu. Droni ni habari nyingine: nchini Kenya zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kuna kanuni za mwaka 2020, na kuirusha bila kusajiliwa ni kujitafutia kesi mbele ya wageni wa harusi.

Mahali pa kufanyia mazoezi tunapo. Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, karibu na Kitale, ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, nayo ina majukwaa ya mbao ya kuwatazamia nzohe, swala wa kinamasi. Nzohe hutokea alfajiri na jioni, wakati mwanga ni haba, na hakai apigwe. Asubuhi moja pale itakufundisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, kuliko somo zima la darasani. Ukitaka kujifunza kasi ndogo ya shata na tripodi, nenda Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole ya Mto Nzoia. Ukitaka kujifunza kupiga watu wasiokuwa na muda nawe, nenda soko la Chwele. Nunua kitu kwanza, salimia, ndipo uombe. Mama muuza maharagwe hana sababu ya kusimamisha biashara yake kwa ajili ya zoezi lako.

Tuje kwenye kuhariri. Wanafunzi hukimbilia vitelezi vya rangi, lakini kuhariri huanza kwa kuchagua. Ukirudi na picha elfu moja na mia tano za harusi, kazi ya kwanza ni kuondoa zile ambazo mtu amefumba macho, zilizotikisika, na zile kumi zinazofanana ambazo moja yatosha. Hii ndiyo sehemu ngumu, maana kila picha inakukumbusha jinsi ulivyoinama kuipata. Mteja hajui uliinama. Ukimpa picha mia tatu zilizo imara atakusifu; ukimpa zote ataiona ile ambayo mama mkwe anatafuna, na ataikumbuka hiyo.

Zilizobaki zifuate mpangilio uleule kila mara: sahihisha weupe, kisha mwanga, kisha ukataji wa kingo, na baada ya hapo ndipo ushughulikie sehemu moja moja. Ukianza na sehemu moja moja utarudia kazi. Piga kwa faili za RAW, yaani data ghafi ya kamera, ikiwa kamera yako inaruhusu. Faili ya JPEG huhifadhi ngazi 256 za kila rangi, na RAW ya biti 14 huhifadhi 16,384. Tofauti hiyo haionekani ukitazama tu. Inaonekana unapojaribu kuuinua uso uliozama, ambapo JPEG hukupa mabaka na RAW hukupa uso.

Programu za bure zipo na ni za heshima. Darktable na RawTherapee hufungua faili za RAW, GIMP hufanya kazi nyingi ambazo watu huzitakia Photoshop, na Snapseed yatosha kwa simu. Nakala za wizi zinazopitishwa mitaani kwenye flashi diski mara nyingi huja na virusi, na virusi hao watakuta kwenye kompyuta yako harusi za watu ambazo hujazikabidhi.

Kuna wanaosema kwamba kuhariri ni udanganyifu ulioletwa na kompyuta. Wangeitazama kazi ya Omar Said Bakor wa Lamu, aliyeendesha studio yake kisiwani kuanzia miaka ya 1960. Bakor alikata picha kwa mkono na kuzipachika upya, akawaweka watu ndani ya maua na vitu vingine, na wateja wake walijua wanachokinunua. Jambo la kuuliza ni makubaliano yako na mtazamaji. Mteja wa studio anaweza kukuomba umweke mwezini, na ni haki yake. Msomaji wa gazeti hajakuomba hivyo. National Geographic ilipozisogeza piramidi za Giza ili zitoshe kwenye jalada la Februari 1982, lawama ziliifuata kwa miaka mingi, na mwaka 2006 Reuters ilikatisha uhusiano na mpigapicha aliyeongeza moshi kwenye picha ya Beirut. Ukipata bahati ya kuuzia gazeti picha ya mafuriko au maandamano, rekebisha mwanga na ukate kingo, basi. Usiondoe hata chupa iliyo barabarani.

Sasa lile ombi utakalolisikia kila wiki ukifungua studio: "Nifanye mweupe kidogo." Usimcheke mteja wala usimhubirie. Mara nyingi anachokitaka ni kuonekana vizuri, na picha alizowahi kupigwa zilimzamisha gizani. Mfanyie mbili: moja uliyoongeza mwanga usoni bila kugusa rangi ya ngozi, nyingine uliyoipausha. Ziweke kando kwa kando kwenye skrini, unyamaze. Wengi huchagua ya kwanza. Akichagua ya pili, ni picha yake na pesa zake, ila usiiweke kama tangazo la kazi yako.

Priseti, ile mipangilio ya rangi inayouzwa tayari, nazo zimewadanganya wengi. Ni kama suti ya kuazima: imeshonwa kwa mwili wa mwingine. Zile zinazovuta rangi ya chungwa kuelekea hudhurungi ili kumpa Mzungu ngozi ya aliyeota jua hufanya watu wetu wawe wekundu kama matofali, na zile za moshimoshi huwafanya kijivu. Tengeneza zako. Chukua picha tano za watu wa rangi mbalimbali ulizopiga mwenyewe, zisawazishe mpaka wenyewe wakubali, kisha hifadhi mipangilio hiyo kama mwanzo wa kazi zijazo. Kwa madoa ya usoni nina kanuni ambayo haijanikosanisha na mtu: ambalo litakuwa limepona baada ya wiki mbili naliondoa bila kuuliza, alilozaliwa nalo au kovu alilonalo tangu utotoni nauliza. Wengine kovu ndilo jina lao.

Kabla ya kuchapisha, punguza mwangaza wa skrini. Anayehariri usiku chumba kikiwa giza na skrini ikiwaka kwa nguvu zote hutoa picha nyeusi, kisha hugombana na fundi wa mashine. Chapisha moja ya majaribio, itazame mchana, urekebishe. Hifadhi katika rangi za sRGB, maana mashine nyingi za mjini huzitegemea hizo. Jua pia vipimo: picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800 ili itoke safi, na inchi 8 kwa 10 ina umbo fupi kuliko picha inayotoka kwenye kamera. Ukimjaza mtu fremu nzima kutoka miguuni hadi kwenye kilemba, mashine itakata kimoja kati ya hivyo. Acha nafasi. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti; njia ya kawaida huibana picha hadi ikose nakshi.

Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili inafaa kuzungumziwa peke yake, kwa sababu Bungoma nzima hutoka nje. Ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na kwa mpigapicha hakuna mtihani mkubwa zaidi. Mvulana anacheza njuga zake, chinyimba, mikono ikiruka. Hapo kasi ya shata ikiwa chini ya 1/250 utapata ukungu. Alfajiri yake anapelekwa mtoni kupakwa tope mwilini, na mwanga wa saa hiyo unakulazimisha kupandisha ISO hadi 3200 au zaidi. Panda bila hofu: punje kwenye picha husameheka, mtikisiko hausameheki. Tope la mtoni likiwa bado bichi hung'aa na kuidanganya kamera, basi pima mwanga kwenye sehemu ambayo haikupakwa. Usifuate msafara kwa nyuma. Ukisikia wanarudi kutoka mtoni wakiimba, uwe umeshatangulia mbele yao, umesimama pembeni mwa njia.

Lakini fundi wa mwanga asiyejua adabu atafukuzwa, na atastahili. Nenda kwenye boma la mvulana siku kadhaa kabla. Salimia kwa mulembe, jitambulishe kwa baba wa mvulana na kwa wazee, useme unataka picha za nini na zitakwenda wapi. Uliza mapema ni wapi hutakiwi kusimama. Wakati wa kisu teremsha kamera, hata kama simu ishirini za wageni zimeinuliwa. Yule ni mtoto, yu uchi, na siku moja atakuwa mwalimu au mbunge.

Sheria nayo inamlinda. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake, na ya mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha burudani shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Mwenye studio ya chumba kimoja mjini hawezi kulimudu deni kama hilo. Fomu ya idhini ni nusu ukurasa. Ichapishe kwa Kiswahili ili mzee aisome mwenyewe.

Mkataba nao usiudharau, hata mteja akiwa binamu yako. Wengi hudhani kwamba aliyebofya ndiye mwenye picha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo ukitaka kuitumia picha ya harusi kwenye bango la studio yako, iandikwe mapema na itiwe sahihi. Andika pia idadi ya picha, tarehe ya kukabidhi, na arubuni. Arubuni ipokewe kwa M-Pesa siku ya kuandikiana, salio lilipwe kabla ya kukabidhi. Ukishampa mtu picha zote kwa ahadi, utakuwa mdai, na kazi ya kudai haifundishwi popote.

Mwisho ni uhifadhi. Kadi ikifutika kwa bahati mbaya, acha kupiga papo hapo, itoe, na uipitishe kwenye PhotoRec, programu ya bure inayoweza kufufua faili ambazo hazijaandikiwa juu; kila picha mpya unayopiga huzika moja ya zile za zamani. Usirudi nyumbani kwa bodaboda na kadi zote zikiwa ndani ya begi moja na kamera; kadi ziweke mfukoni. Usiku huohuo, kabla ya kula, nakili picha kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na stima ikipotea katikati ya kunakili, anza upya badala ya kuamini kwamba zilizofika ni nzima. Folda iite kwa mwaka, mwezi, siku, kisha mahali, mfano 2026-08-15-Kimilili, ili miaka mitano baadaye bibi harusi akirudi kutaka picha ya marehemu nyanya yake uipate akiwa bado amesimama mlangoni. Diski ya pili ilale nyumba nyingine, kwa ndugu au rafiki. Fungua picha chache katika kila nakala uone kwamba zinafunguka, na hapo ndipo uiformati kadi, ukiwa umeiweka ndani ya kamera wala si kwenye kompyuta.